Mguu Wako Mbele ya Wangu

Cherotich,

Kabla hujalalamika juu ya mwandiko, furahia hii mistari ya kwanza, maana ndiyo mikubwa. Kadiri ninavyoendelea herufi zitajikunyata, na ukifika chini utahitaji miwani ya kogo. Usidhani naficha neno. Mkono wangu siku hizi huanza na nia nzuri halafu hukata tamaa, na wewe unaujua kuliko mtu mwingine yeyote.

Wewe na mama yako mmeenda Sotik kununua begi na blanketi. Nyanya yako, kogo, yuko barazani anachambua maharagwe na kuwagombeza kuku. Nimemeza kidonge kwa maji matupu, nimengoja mpaka bega likalegea, na sasa mkono umefunguka. Nitaandika hadi ujifunge. Ukijifunga nitangoja kidonge cha mchana, kisha nitaendelea pale nilipoachia.

Sikuandikii habari za sweta wala za kula vizuri. Hayo mama yako atakuambia mpaka gari liondoke. Nakuandikia kwa sababu ya jana jikoni.

Ulikuwa unamimina chai, mama yako akiwa kwa ng'ombe. Ukasema bila kunitazama, "Baba, mimi siendi kesho kutwa. Nitaambia hao watu wa chuo nitakuja mwaka ujao. Usiambie mama saa hii, wacha anunue hiyo begi, asianze kelele."

Nilitaka kusema hapana. Neno lenyewe nililiona, fupi, limekaa pale ulimini. Halikutoka. Kikatoka kitu kama kikohozi. Na huu uso wangu, ambao siku hizi haunisaidii kwa lolote, ulibaki vile vile umekauka. Ukadhani nimekubali. Ukanishika bega ukasema, "Najua, baba. Ni sawa," halafu ukanisogezea kikombe.

Haikuwa sawa. Nilikunywa ile chai nikiwa na hasira ambayo hakuna mtu angeiona. Kwa hiyo naliandika hapa, mahali pasipohitaji koo: hapana. Utaenda.

Sasa nieleze, maana nikikuamuru tu utabisha. Ubishi umeurithi kwa mama yako.

Watu hudhani ugonjwa huu ulianza na kutetemeka. Kwangu ulianza na harufu. Unajua jioni upepo ukivuma kutoka kiwandani, ile harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa hufika hadi hapa kwetu. Nilikua nayo. Mwaka mmoja ikapotea, nami nikawaambia watu kiwanda kimebadilisha mashine. Nilibishana na wanaume wazima juu ya jambo hilo. Wakanitazama, wakaniacha na mashine zangu.

Halafu kikapu changu kikawa hakijai. Mkono wa kulia unachuma, wa kushoto unachelewa, unashika majani mawili na chipukizi lake kisha unakaa nayo tu, kana kwamba haujaambiwa la kufanya. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Kisha uso. Wewe ulikuwa shuleni, hukuona vile mama yako alivyoninunia msimu mzima. Alidhani nina kinyongo kwa sababu aliuza yule ndama bila kuniuliza. Mimi yule ndama nilikuwa nimeshamsahau. Kila nikimwambia, "Sina neno, mama Cherotich," ananiangalia usoni anaona neno. Siku moja alinilipukia. "Basi cheka, kama huna kitu na mimi." Nikajaribu. Akaona nilivyojaribu, akaanza kulia. Ndipo tukaenda hospitali.

Natamani tungeenda mapema. Nilichelewa kwa kiburi cha kijinga, nikiamini mwili ni kama punda, ukiukemea utakwenda. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na nakuachia ulijue: ukiona mwili wako umekuwa mgeni kwako, uliza. Usianze kwa kuugombeza.

La pili ni lile la mursik, na hapo tulikosa sote. Daktari alisema wazi, kidonge kinywewe kwa maji, kabla ya chakula. Lakini dawa zilifika kwenye nyumba yenye kogo. "Dawa kali hivi, anywe na maji tupu?" akasema. "Si itamchoma matumbo? Huyu ni mtoto wangu, mimi ndio najua tumbo yake." Akashusha sotet, kile kibuyu chake cha maziwa, akaitikisa, akanijazia kikombe cha mursik, yale maziwa mazito ya majivu mazuri, na mimi nikamezea kidonge nikishukuru kwamba nina mama. Asubuhi, mchana na jioni. Dawa ikashika siku moja, ikagoma tatu. Tukasema ni ugonjwa una kichwa chake. Nikaanza kuwaza kwamba dawa ni bandia. Mama yako alikuwa ashaongea na watu wa maombi.

Wewe ndiye ulinipeleka kliniki siku ile, kwa hiyo unakumbuka. Daktari akauliza, "Mzee, hii dawa unakunywa na nini?" Nikamwambia kwa fahari. Akaweka kalamu chini, akacheka hadi akajifuta macho. Kwao ni Bomet, alisema, na hata yeye mama yake angefanya vivyo hivyo. Kisha akatueleza kwamba kile kidonge, ili kiingie kwenye ubongo, lazima kipite mlango maalumu, na protini ya maziwa hupita mlango huo huo. Zikifika pamoja zinagombania. Maziwa ni mengi, kidonge ni kimoja. "Kwa hivyo dawa inabaki nje imesimama," akasema, "na wewe unabaki ndani umesimama."

Kogo alipoambiwa hakula siku hiyo. "Kumbe ni mimi nilikuwa nafunga mtoto wangu?" alikuwa akisema, akitazama ile sotet. Ni wewe ulimwambia, "Kogo, mursik iko sawa. Ni saa yake tu. Tutampatia usiku." Ulimwokoa mwanamke yule. Nilitaka kukuambia asante na sikumbuki kama ilitoka.

Mkono unaanza kukaza. Naacha.

Nimerudi. Kidonge cha mchana kimeshika. Kogo amelala ameketi, na kuku wameingia kwenye maharagwe.

Nilikuwa nataka kukukumbusha ile siku ulipochukua kipande cha makaa ukachora ukutani jikoni, ukimweleza kogo kilichoko kichwani mwangu. Mlidhani nimelala. Ukiwa na uso kama wangu watu hudhani umelala saa nyingi sana, na unasikia mengi. Nataka ujue nilishika somo.

Ulisema kila seli ya neva ina ngozi, na kwenye ngozi hiyo kuna vilango vidogo. Nje imejaa sodiamu, ndugu wa hii chumvi tunayotia kwenye mboga, na ndani imejaa potasiamu. Seli ikiguswa, vilango vya sodiamu hufunguka, sodiamu inaingia mbio, na kule kuingia kwake kunafungua vilango vinavyofuata, na vinavyofuata, hadi mwisho wa uzi. Kisha potasiamu hutoka, seli inatulia, inangoja zamu nyingine. "Ni stima, kogo," ulisema, "lakini hii haina waya ya shaba. Iko na chumvi na milango."

Kogo akauliza, "Na nani anafungua hiyo milango yote?"

"Inajifungua yenyewe."

"Basi hiyo si nyumba ya kulala," kogo akasema, na nilicheka ndani kwa ndani mpaka mbavu zikauma, nje hakuna kitu.

Ukaendelea. Mwisho wa uzi kuna pengo, dogo hata jicho haliwezi kuliona, na stima haiwezi kuliruka. Pale kuna milango mingine, ya kalsiamu. Ikifunguka, vifuko vidogo vilivyokuwa vimepanga foleni vinamwaga kemikali ya ujumbe kwenye pengo. Seli ya ng'ambo inapokea, kazi inaendelea, na inayobaki inafagiliwa ili pawe safi kwa ujumbe mwingine. Kemikali hizo ni za aina nyingi, kila moja na shughuli zake. Inayonihusu mimi ni dopamini. Seli zinazoitengeneza zimekaa chini kabisa ya ubongo, kwenye kisehemu cheusi, na hazipumziki hata ukilala. Zangu zimekufa nyingi, na zilikufa kimya kimya kabla kidole cha kwanza hakijatikisika. Kidonge ni malighafi tu. Zilizobaki zinakipokea na kukigeuza dopamini. Zikizidi kupungua, kidonge kitakuwa kinashika kwa muda mfupi zaidi. Hilo ulimwambia kogo kwa sauti ya chini, lakini nililisikia nalo.

Sikulichukulia vibaya. Ulinisaidia, kwa sababu kabla ya hapo nilidhani ni mimi. Hata ile huzuni, zile asubuhi nilizogeukia ukuta nikakataa uji, nilidhani ni uvivu au ni imani yangu imepungua. Daktari alisema hata hiyo hutoka kwenye upungufu wa hizo kemikali, si tabia. Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Mtu akiwa mgonjwa wa kifua hakuna anayemwambia ajikaze apumue.

Lakini kujua hakufungui mlango, na hapa ndipo nataka unielewe. Mguu wangu si mgonjwa. Una nguvu, ungeweza kunipandisha kilima hiki na kikapu mgongoni. Nami niko, akili yangu timamu, ninauambia mguu twende. Amri inatoka, inapotelea njiani, na nyayo zinashikwa na sakafu. Na mahali pabaya kuliko pote ni mlangoni. Uwanjani natembea, nikifika kwenye fremu ya mlango ninaganda. Nimejenga nyumba hii kwa mikono yangu, Cherotich, kila fremu niliipiga randa mwenyewe, na sasa kila mlango wake unanikamata. Kuna siku ninaichukia. Kuna siku ninalia kwa ajili yake, na machozi yenyewe hayajui pa kupitia kwenye uso huu.

Mara ya kwanza kunikamata mbele ya watu ilikuwa kanisani, siku ya shukrani. Nilikuwa naingia na debe langu la mahindi, watu nyuma yangu wanaimba na mizigo yao, nikaganda mlangoni. Wimbo ukaisha, ukaanzwa upya. Mtu akasema, "Mzee, songa basi." Mwingine akasema, si kwa sauti ndogo, "Amekunywa huyu." Wewe ulitoka kwenye kwaya. Sijui hata leo ni nani alikufundisha. Hukunivuta wala kunisukuma. Ulisimama kando yangu, ukaweka mguu wako mbele ya wangu, kwa upande, kama kizingiti, ukasema polepole, "Ruka hii, baba." Nikaruka. Nikaendelea hadi madhabahuni.

Baadaye daktari alitueleza. Kutembea tu bila kufikiri kunapita kwenye ile njia yangu iliyoharibika. Kuruka kitu unachokiona kunapita njia nyingine, ya macho, na hiyo bado nzima. Tangu siku hiyo mguu wako umekuwa mlango wangu. Chumbani, jikoni, chooni, kwenye gari. Nikiita "Cheroo," unaacha ulichoshika, unakuja, unaweka mguu. Hujawahi kukunja uso.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka. Unakumbuka mvua ya mawe ya mwaka jana. Nilikuwa natoka chooni, nikagandia mlangoni, na mawe yakaanza. Nilisimama pale nikitazama michai ikipigwa, majani yanaruka, kuku wamejikunja chini ya kikapu, na mimi siwezi kutoka wala kurudi nyuma. Niliita lakini sauti ilimezwa na mabati. Nikawaza, nitakufa hapa, mtu mzima, katikati ya mlango wa choo. Wewe ulikuja kutoka shambani ukikimbia, gunia kichwani, mawe yanakupiga mikono. Ukaweka mguu kwenye matope. Tulipofika ndani ulikuwa unatetemeka kuliko mimi.

Jioni ile ulisema hutakwenda chuo mwaka huo. Ulisema, "Nani angekuja?"

Na mimi nilijibu, "Ni sawa, mwanangu." Unakumbuka sauti ilivyotoka? Siku ile haikukwama hata kidogo. Nilifurahi, Cherotich. Nililala vizuri. Nilijiambia ni wewe umeamua, nikajifunika. Mwaka mzima nimekuwa nikikuona unafungua vile vitabu vyako vya umeme baada ya kuchuma, unasoma ukurasa mmoja, nami naita. Kogo alinifunga kwa upendo na kikombe. Mimi nimekufunga kwa upendo na jina lako, na tofauti ni kwamba kogo hakujua anachofanya.

Kwa hiyo jana uliposema mwaka ujao, niliona miaka yote imepanga foleni.

Sasa sikia siri yangu na ya kogo. Unajua ule ufito mwembamba tunaoulaza juu ya meza ya michai, pale juu ilipokatwa sawasawa, uchume chipukizi lililopita juu yake na uache lililo chini. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye mistari ya chai nikiwatazama mkichuma, nikainuka kurudi nyumbani, nikaganda kwenye njia. Ufito wa mama yako ulikuwa umeanguka pale chini, mbele ya gambuti zangu. Nikautazama. Mguu ukainuka, ukauruka, nikaenda. Hakukuwa na mtu karibu nami. Nilisimama nikatazama nyuma kama mwizi.

Tangu hapo, kila mkienda shambani asubuhi, kogo anatandaza fito. Moja kwenye mlango wa chumba, moja jikoni, nyingine barazani, hadi kwenye lango la boma. Anasimama na bakora yake ananiambia, "Ruka, kijana," na nikichelewa ananiita mbuzi. Mkikaribia kurudi anaziokota na kuzificha kwenye kuni. Wiki jana mama yako alizipikia githeri. Kogo aliona fito zake zikiungua na hangeweza kusema kitu. Aliniangalia, na nakuapia, nilihisi mdomo wangu ukisogea upande mmoja.

Haifanyi kazi kila mara. Sitaki kukudanganya ili uende na moyo mwepesi. Juzi niliganda juu ya ufito wenyewe, mguu mmoja huku na mwingine kule, kogo akakaa chini akaningojea, tukangojana. Siku nyingine zitakuwa hivyo, na zitaongezeka, wewe mwenyewe ulisema ni kwa nini. Kutakuwa na mvua ya mawe nyingine. Huenda nitasimama mlangoni nikipigwa hadi mama yako afike, na ataweka mguu wake, ambao si mwepesi kama wako, na atanigombeza. Nitalowa. Mtu hafi kwa kulowa. Naogopa, hilo nalo nalisema, naogopa sana. Lakini nikikaa na wewe hapa kwa sababu naogopa, tutakuwa wawili tuliosimama mlangoni, na wewe huna ugonjwa.

Herufi zimekuwa ndogo, naona. Bega linaanza. Nitamaliza.

Kesho asubuhi nitameza kidonge mapema, kwa maji, na sitagusa chai hadi umeondoka. Kogo atatandaza fito mbele yenu nyote, mama yako ataelewa githeri yake ilipikwa na nini, na nitakusindikiza hadi langoni. Pale langoni kuna ufito wa mwisho. Hapo ndipo mimi hukwama zaidi, sijui ni kwa nini, labda kwa sababu barabara ni pana. Nikikwama, utataka kurudi. Najua utakavyoweka begi chini. Usiliweke. Simama ng'ambo, unitazame tu, ungoje. Kama nitauruka, nitakuaga upande wako. Kama sitauruka, nitakuaga kutoka huku ndani, ni umbali wa mkono tu. Kwa vyovyote vile, gari likija, panda.

Na uso wangu ukiwa mkavu, usiusome. Soma hapa: nakupenda, na ninafurahi unaenda.

Usinyooshe mguu wako mbele yangu kesho, Cherotich. Huo mguu ni wako. Nenda nao.

Baba yako